Kwa Mboya, Kisha Takawiri

Ukitoka Kisumu kwenda Mbita kwa njia ya Katito, matatu hupita Kendu Bay kabla ya kuingia mji wa Homa Bay. Niliomba kiti cha dirishani kwa ajili ya kipande hicho cha barabara. Viungani mwa Kendu Bay ndiko alikozaliwa Barack Obama mkubwa, mchumi ambaye mwaka 1965 alishika kalamu akaichambua hadharani, katika jarida la East Africa Journal, hati ya sera ambayo serikali ya Kenya ilikuwa ndiyo kwanza imeitoa. Ulikuwa ni Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka huo, juu ya Ujamaa wa Kiafrika na nafasi yake katika mipango ya Kenya. Waziri aliyeusimamia na kuutetea alikuwa Tom Mboya, na kwao Mboya ni Rusinga, mbele zaidi kwenye barabara hiyo hiyo. Mtetezi wa hoja na mpinzani wake, asili yao ni ufuo mmoja. Nilitaka kuuona ufuo huo, kisha nivuke maji hadi Takawiri, kisiwa kidogo kilicho kati ya Rusinga na Mfangano, nikaulize wavuvi kama fikra za Mboya zimewahi kuwafikia.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Ziwa Viktoria nilikuwa nalijua kwa ramani na kwa omena, wale dagaa wa sokoni, sijapata kulitia mguu. Lakini jina la Mboya nililisikia nyumbani kabla sijalisoma shuleni. Babu yangu alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini. Mwaka 1955, makuli walipogoma na mji ukajaa askari, kijana wa miaka 24 alitoka Nairobi, akakaa na wagomaji, akakaa na waajiri, na shauri likafika kwa mwamuzi na mishahara ikapanda. Babu hakuwa mtu wa siasa. Alichokikumbuka ni kwamba yule kijana aliwaambia warudi kazini wakati wengi walikuwa bado na hasira, na kwamba baadaye kila kitu kiliandikwa. Alilirudia hilo hadi uzee wake: kiliandikwa, na nakala ikabandikwa mahali ambapo kila kuli angeweza kuiona.

Nadhani hapo ndipo penye ufunguo wa Mboya, na wengi humpita. Humkumbuka kwa suti zake, kwa Kiingereza chake, kwa marafiki zake wa Marekani. Mimi namwona kama mtu aliyeamini kwamba urafiki wa mataifa ni bure usiposhuka ukawa sheria ya nyumbani, na sheria ya nyumbani ni bure isipomfikia mtu wa kazi mahali pake pa kazi.

Mbita ni mji wa shughuli. Boda boda, wachuuzi wa samaki, wanafunzi, watu wanaosubiri feri ya Luanda Kotieno. Mlima Gembe umesimama nyuma yake. Kutoka hapo kwenda Rusinga siku hizi unavuka daraja. Zamani palikuwa na tuta lililojengwa miaka ya 1980, ambalo liliwapa watu njia lakini likaziba mkondo wa maji, na wavuvi wakalalamika miaka mingi hadi daraja likajengwa. Sikukaa sana mjini. Nilichukua boda boda hadi Kasawanga.

Kaburi la Mboya limo ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Nilikuwa nimeliona kwenye picha, na bado lilinishtua. Waliolijenga hawakutaka mgeni asahau kwamba mtu huyu aliuawa kwa kupigwa risasi Nairobi, Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, akitoka duka la dawa, akiwa na umri wa miaka 38. Ndani mna picha zake na vitu alivyotumia. Mzee aliyekuwa akitunza mahali hapo aliniita "mwanangu wa Mombasa" mara tu aliposikia lafudhi yangu, akaniketisha kivulini, nasi tukaongea muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Nilimwuliza ni kazi gani ya Mboya watu wa hapa huitaja zaidi. Akasema, ndege. Mwaka 1959 Mboya alizunguka vyuo vya Marekani akiomba nafasi za masomo, na Septemba mwaka huo wanafunzi 81 walipanda ndege moja kutoka Nairobi. Serikali ya kikoloni haikufurahia. Mwaka uliofuata wakfu wa ukoo wa Kennedy ulitoa dola 100,000 ili safari ziendelee, na miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai. Lakini mzee alisisitiza upande mwingine wa habari hiyo. "Wazungu walitoa nafasi," alisema, "lakini nauli na nguo na pesa za mfukoni, hapa watu waliuza ng'ombe. Kijiji kizima kilichanga kwa mtoto mmoja." Alilisema hilo kwa fahari, na alistahili.

Miezi kadhaa kabla ya ndege hiyo, Desemba 1958, Mboya alikuwa mwenyekiti wa Mkutano wa Watu Wote wa Afrika mjini Accra, akiwa na miaka 28 tu. Aliwakumbusha wajumbe kwamba miaka sabini na zaidi kabla ya hapo wakubwa wa Ulaya walikaa Berlin wakaigawanya Afrika bila Mwafrika hata mmoja mezani, na akaitaka Ulaya iondoke. Maneno hayo yalimpa jina duniani. Ila baadaye aligombana na Accra yenyewe. Nkrumah, kiongozi wa Ghana, alitaka vyama vya wafanyakazi vya Afrika vikate uhusiano na shirikisho la vyama huru lililokuwa na makao Brussels; Mboya alishikilia kwamba wafanyakazi wa Kenya wana haki ya kuchagua marafiki zao wenyewe. Aliitwa kibaraka wa Wamarekani. Waraka Nambari 10 ulipotoka ulieleza wazi kwamba Kenya haiwezi kujenga maisha yake juu ya kuwa tegemezi la taifa jingine lolote, liwe la Mashariki au la Magharibi. Nikisoma vitu hivyo viwili pamoja sioni mgongano. Misaada ipokelewe, mikataba itiwe saini, lakini uamuzi ubaki nyumbani, nao upite kwenye taratibu ambazo watu wanaweza kuzihoji.

Na alijenga taratibu hizo. Akiwa Waziri wa Kazi, Oktoba 1962, aliwaketisha waajiri na vyama vya wafanyakazi wakatia saini Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani: waajiri watambue vyama, vyama visikimbilie mgomo kabla ya mazungumzo. Mwaka 1964 ikaja Mahakama ya Viwanda. Kuli wa mwaka 1955 alihitaji kijana shupavu atoke Nairobi ndipo asikilizwe; kuli wa mwaka 1965 alikuwa na mlango wa kubisha. Hilo si jambo dogo.

Lakini sitamtakasa. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipojitoa chama tawala cha KANU na kuunda chama chao, KPU, Katiba ilibadilishwa kwa haraka ili kila mbunge aliyehama chama arudi kwa wapiga kura. Mboya, katibu mkuu wa KANU, alikuwa upande wa mabadiliko hayo na aliyatetea. Kanuni yenyewe ina hoja. Wakati wake na shabaha yake vilikuwa vya kumkomoa mtu. Na Waraka Nambari 10, pamoja na uzuri wake, ulisema fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali penye ardhi nzuri, mvua na watu walio tayari, na kwa kauli hiyo kaskazini ya Kenya ikasubiri nusu karne. Nilimweleza mzee mashaka yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata visiwa hivi vilisubiri. Barabara niliyojia, stima ninazoziona, yote ni ya juzi. "Aliandika mpango wa nchi nzima, na kwao hakukuwa na taa," alisema. Hakulisema kwa kumlaumu.

Boti ya Takawiri huondoka Mbita ikijaa. Abiria, mifuko ya unga, mitungi ya gesi, kreti za soda, mabati. Tulipewa jaketi za kuokoa maisha, baadhi zikiwa zimechakaa, na nahodha hakuondoka hadi kila mmoja ameivaa yake. Mtu wa pwani hujidhani anayajua maji. Haya ni mengine. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yana haraka, hayakupi nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine, na yakikurukia usoni unangoja chumvi ambayo haiji. Mama aliyekaa kando yangu, akirudi na magunia matupu ya omena, aliniona nimeshika ubao kwa mikono miwili. "Tulia, ndugu yangu," akasema. "Hapa asubuhi ni salama. Ubaya uko mchana, upepo ukigeuka."

Rusinga ilibaki kulia, Mfangano ikajitokeza mbele na kilele chake cha msitu, kisha Takawiri yenyewe ikaonekana: chini, kijani, yenye ukanda wa mchanga mweupe na minazi. Minazi! Nilikuwa nimeambiwa lakini sikuwa nimeamini. Kwa dakika chache nilijiona narudi Nyali, hadi boti ilipokaribia nikaona mchanga wote umetandikwa nyavu, na juu ya nyavu omena wanaometa juani.

Nilipokelewa na katibu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo. Kila ufuo wa uvuvi ziwani upande wa Kenya una kikundi kama hicho, chenye wenye vyombo, vibarua wa kuvua, wachuuzi na mafundi, nacho kilipata nguvu ya kisheria kwa kanuni za mwaka 2007, kisha Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016. Katibu alinionyesha daftari la samaki: tarehe, chombo, aina, uzito. Mbuta, ngege, omena. Aliniambia nisikae barazani kama mgeni, nishuke ufuoni ambako watu wapo.

Wa kwanza kunielimisha alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa akigeuza omena. Nilimwuliza kama mambo ya nchi za nje humfikia hapa. Akacheka. Akanikumbusha mwaka 1999. Wakati ule watu wachache walikuwa wakivua kwa sumu, na Umoja wa Ulaya ukafunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili, wa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Kabla ya hapo palishakuwa na vikwazo vingine, mwaka 1997 na 1998. Bei ya mbuta ilianguka. Mumewe alikuwa mvuvi wa mbuta. Ndipo yeye alipoingia kwenye omena, kwa sababu omena huliwa hapa hapa na hawangojei ruhusa ya Brussels. Ili soko lifunguke, serikali tatu zililazimika kurekebisha ukaguzi wao, maabara zao na sheria zao, na fuo zikaambiwa ziwe na banda, maji safi na meza za kupimia. "Sisi hapa tulijua Ulaya imekasirika kabla wabunge hawajajua," alisema mama yule.

Nimesoma kurasa nyingi juu ya ushirikiano wa kimataifa. Sijapata maelezo yanayozidi hayo.

Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hili. Lililobaki ni la Tanzania na Uganda. Mbuta anayezaliwa upande mmoja hunenepa upande mwingine, kwa hiyo hakuna serikali inayoweza kumlinda peke yake. Ndiyo sababu mwaka 1994 nchi hizo tatu zilitia saini mkataba Kisumu na kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao Jinja. Humo ndimo ilimotoka kanuni ya kutovua mbuta aliye chini ya sentimita 50 wala aliyezidi 85, mdogo akue na mkubwa azae. Na mwaka 2003 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikapata itifaki ya bonde la ziwa, ambayo kamisheni yake iko Kisumu. Mboya aliiona Jumuiya ya kwanza ikizaliwa kwa mkataba wa Kampala wa Juni 1967. Hakuiona ikifa mwaka 1977. Ilikufa, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa ilitegemea mno wakuu watatu kuelewana. Marais walipoacha kukutana, hakukuwa na mwananchi mwenye kifungu cha kushika akaenda nacho mahakamani.

Wavuvi wawili vijana waliniambia walifanya kazi Migingo, upande wa Migori, kabla ya kuhamia hapa. Migingo ni mwamba usiozidi uwanja wa mpira, na umegombaniwa na Kenya na Uganda tangu mwaka 2004. Mpaka umeandikwa tangu 1926. Mwaka 2009 Rais Museveni wa Uganda alikiri kisiwa ni cha Kenya, akashikilia kwamba maji yanayokizunguka ni ya Uganda. Serikali zote mbili ziliafikiana mpaka upimwe upya. Niliwauliza vijana hawa hayo yaliwasaidiaje. Mmoja akajibu kwamba wao walihitaji kujua jambo moja: askari akikamata injini yako, unaidai wapi na kwa karatasi gani. Jibu hawakulipata, wakaondoka.

Jioni vyombo vya omena vilianza kujiandaa, taa zikikaguliwa, mafuta yakipimwa. Katibu alinikutanisha na wavuvi waliokuwa wakingoja. Hapo nikataja kitu nilichokuja nacho kutoka Mombasa. Mwaka 2022 Kenya iliridhia Mkataba Nambari 188 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2007, unaohusu kazi ya uvuvi. Watu wa pwani tuliudhani ni wetu, wa meli na bahari. Lakini kifungu chake cha kwanza kinataja wazi uvuvi wa kibiashara katika mito, maziwa na mifereji. Unataka mvuvi awe na makubaliano ya kazi yaliyoandikwa, apate mapumziko, apewe vifaa vya kujikinga. Na Katiba ya 2010, ibara ya 2, kifungu kidogo cha 6, inasema mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Sheria ya mwaka 2012 ya kutunga na kuridhia mikataba ikaongeza kwamba Bunge lihusishwe na maoni ya umma yatafutwe. Mboya angeitambua mara moja njia hiyo: nje, Bunge, ufuo.

Walikaa kimya wakisikiliza. Kisha maswali yakaja kwa fujo. Hapa malipo ni mgao: mafuta huondolewa kwanza, kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi wake, na usiku ukikosa samaki hakuna wa kumdai. Hakuna kilichoandikwa. Kijana mmoja alisimulia kuhusu mwenzake aliyezama msimu wa upepo. Mjane alipewa mchango wa mazishi na ufuo mzima, na mwenye chombo alichanga kama jirani yeyote. Wala hakuvunja desturi yoyote kwa kufanya hivyo. Niliumia kusikia. Babu yangu alikuwa na karatasi ukutani mwaka 1955; hawa, baada ya miaka 60 na zaidi ya uhuru, na mkataba ukiwa tayari sehemu ya sheria ya nchi yao, hawakuwa wamesikia hata namba yake.

Mwenye vyombo, mzee mmoja wa heshima, hakukubaliana nami, na hoja yake ilikuwa na uzito. "Kijana wa Mombasa," alianza, "mimi naweza kuandika. Lakini bei ya mbuta sipangi mimi, hupangwa na viwanda. Bei ya petroli sipangi mimi. Ukiniambia ninunue jaketi mpya, nilipe bima, na samaki wamepungua, nitapunguza watu. Umesaidia nani?" Nikamjibu kwamba ndiyo maana Mboya alimwita mwajiri mezani mwaka 1962, hakumtumia amri tu: mzigo ugawanywe kwa mazungumzo, na viwanda navyo viitwe. Akasema viwanda havijawahi kuitwa Takawiri. Nikakosa la kumjibu, maana ni kweli.

Mama wa omena, ambaye nilidhani ameshakwenda zake, akaingilia kutoka nyuma. Akauliza kama mkataba huo unamhusu na yeye, anayenunua, anayeanika, anayekesha ufuoni akingoja vyombo. Nikamwambia unahusu walio chomboni. "Basi ni nusu," akasema. Ni nusu, kweli, na nilimwambia hivyo.

Katibu alikuwa akiandika muda wote kwenye kurasa za mwisho za daftari la samaki. Aliniomba nirudie nambari ya mkataba, ibara ya Katiba, na mwaka wa kuridhiwa. Akasema mkutano wa BMU u karibu na kwamba ataliweka jambo hili kwenye ajenda, pamoja na swali la viwanda na swali la mama, kisha barua iende kwa mbunge wa Suba Kaskazini na kwa ofisi ya kazi Homa Bay, ikiuliza nani anayepaswa kuja Takawiri kueleza. Mwenye vyombo alisema atahudhuria na atapinga. Vijana wakasema wao pia watakuwepo, kama mwezi utakuwa mkubwa, kwa kuwa usiku wa mbalamwezi omena hawafuati taa na vyombo hubaki ufuoni. Katibu akahesabu usiku kwa vidole, akaichagua tarehe ya mbalamwezi.